Tumchukue mbwa au tusubiri? Maswali ya wazazi wenye watoto wadogo

Tangu Nyota aje kwetu, hapa Goba, Dar es Salaam, haipiti wiki bila mzazi mwenzangu kunisimamisha dukani au kwenye geti la shule aniulize habari za mbwa na watoto. Maswali yanafanana sana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa kwa mdomo, yaani yale tuliyoyapitia wenyewe na yale tuliyofundishwa na daktari wa mifugo anayetuhudumia. Nyota ni mbwa wetu wa pili. Wa kwanza alimng'ata binti yangu, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa sababu ya siku ile.

Watoto wangu wana miaka miwili na minne. Tuchukue mbwa sasa?

Ningekuwa mimi ningesubiri. Nakueleza kwa nini.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka miwili. Mbwa wetu, dume tuliyemnunua kwa ajili ya ulinzi, alikuwa anakula ugali wake karibu na ngazi ya jikoni. Mtoto akaenda na mwendo wake ule wa kuyumba, kipande cha mkate mkononi, akachuchumaa mbele ya sufuria. Mbwa akaacha kutafuna. Hakunguruma wala hakubweka. Alikakamaa tu, mdomo ukiwa bado ndani ya sufuria, macho yamemgeukia mtoto mpaka weupe ukaonekana pembeni. Nilikuwa hatua nne hivi kutoka pale, nimebeba beseni la nguo. Niliona kila kitu na sikuelewa ninachokiona. Mtoto akaingiza mkono.

Alichanika kati ya kidole gumba na cha shahada. Kovu lipo mpaka leo, kama uzi mweupe.

Daktari wa mifugo aliponieleza baadaye nililia upya. Alisema mbwa yule alikwisha kusema "ondoka" kwa kila alichonacho: kukakamaa, macho, kuacha kutafuna. Mtu mzima aliyefundishwa angeelewa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuelewa, na hata ukimfundisha leo, kesho kasahau. Anashika masikio, anavuta mkia, anakumbatia shingo, anapanda mgongoni. Halafu kimo chake ndicho tatizo jingine, kwa sababu uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana watoto wadogo wanapong'atwa, mara nyingi ni usoni, kichwani na shingoni. Na mara nyingi anayewang'ata ni mbwa wanayemjua, wa nyumbani kwao au kwa jirani, wala si yule wa jalalani.

Basi ni umri gani unafaa?

Hakuna umri wa kuandika ukutani. Mimi natumia kipimo kimoja: mtoto wako mdogo kuliko wote akiwa amenogewa na mchezo, ukimwambia "acha", je, anaacha? Anaacha mara ya kwanza, siku nyingi kuliko siku chache? Kwa watoto wengi hilo linakuja kwenye miaka mitano au sita. Sisi tulisubiri hadi binti yangu alipotimiza sita. Kaka yake alikuwa na minane. Miaka minne hiyo ya kusubiri hatukuipoteza. Walimzoea mbwa wa shangazi yao kila tulipokwenda kumtembelea, mkononi mwa mtu mzima, dakika kumi kumi.

Wapo wanaolea mbwa na watoto wachanga na mambo yanakwenda vizuri. Ukiwaangalia kwa makini utakuta kuna mtu mzima ambaye kazi yake ya mchana ni hiyo, au wamegawa nyumba kwa vigeti vya mbao, mbwa huku, mtoto kule. Kama wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi usiku, huna nyumba ya namna hiyo kwa sasa.

Tunataka mbwa wa ulinzi, lakini watoto nao wacheze naye. Inawezekana?

Hapa ndipo familia nyingi za mjini tunapokosea, na ndipo nasi tulipokosea. Ngoja nikae hapa kidogo.

Mbwa wa ulinzi kwa mazoea yetu ni huyu: mchana kafungwa mnyororo nyuma ya nyumba au kafungiwa kwenye banda la mabati, usiku anafunguliwa, getini kuna kibao cha "Mbwa mkali". Watoto wanakatazwa kumsogelea. Wageni wanarusha mawe. Anayempelekea chakula ni mmoja tu. Tunaamini akizoeana na watu atapoteza ukali. Mbwa huyu, baada ya mwaka, anaogopa karibu kila kitu, na ukali wake ni woga huo huo. Siku mnyororo ukikatika, au geti la banda likisahaulika wazi, hana njia ya kujua kwamba mtoto anayekimbilia mpira ni wa nyumbani. Hakuwahi kutambulishwa naye.

Dume letu lilikuwa hivyo. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Tulimfunga mchana kutwa kwa miezi saba, kisha tukashangaa kwamba hakujua la kufanya na mtoto.

Ukitaka mbwa wa familia, aishi na familia. Alale barazani au ukumbini, aone watoto wakioga, wakila, wakigombana, wakilia. Na ulinzi? Nyota hajafundishwa ulinzi hata siku moja, lakini mtu akigusa geti usiku anabweka mpaka taa za majirani zinawaka. Wezi wengi wanachokwepa ni kelele. Anayetaka kuingia kwa kudhamiria anaweza kurusha nyama yenye sumu, na hapo mbwa mkali na mpole wote wanakufa sawa. Kama hofu yako kubwa ni wizi, tengeneza kwanza taa, uzio na kufuli. Mbwa aje kwa sababu nyingine.

Mwanangu ameahidi atamlisha na kumsafisha kila siku. Nimwamini?

Anamaanisha anachosema. Wiki ya tatu atachoka, na hilo si kosa lake, ni mtoto. Mbwa anaishi miaka kumi hadi kumi na tatu hivi. Mtoto wa miaka saba leo atakuwa chuo wakati mbwa huyo ana mvi mdomoni.

Kwa hiyo jiulize jina la mtu mzima mmoja. Nani atamlisha asubuhi na jioni, atazoa kinyesi kila siku, atampeleka kwenye chanjo, ataamka usiku akitapika? Kama jibu ni "sote", maana yake hakuna. Kwetu ni mimi. Mume wangu anampeleka kutembea jioni, watoto wana kazi ndogondogo: kubadilisha maji, kuning'iniza kamba mahali pake, kuhesabu kupe tukimkagua Jumamosi.

Na kama nyumbani kuna dada wa kazi, mwite kikao kabla ya kuamua. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye nyumba zetu yeye ndiye anayeshinda na watoto na mbwa pia, na mara nyingi anaambiwa siku mbwa anaposhuka kwenye gari. Dada wetu wa wakati ule alikuwa anaogopa mbwa tangu utotoni, akamlisha kwa kusukuma sufuria na fagio. Hakuna aliyemuuliza. Anayekuwepo sasa tulimuuliza, akasema hana shida na mbwa ila kinyesi hatazoa, na tukakubaliana hivyo. Kazi hiyo ni yangu.

Mbwa wa kienyeji au wa kizungu?

Nampenda wa kienyeji na sifichi. Nyota ni wa kienyeji, rangi ya maandazi, masikio moja limesimama na moja limelala. Mbwa hawa wamezoea joto letu, hawali sana, na manyoya yao mafupi hukuwezesha kuona kupe mapema. Wa kizungu wenye manyoya mengi wanateseka na joto la Dar, na wale wenye pua iliyobanwa wanahema kwa shida hata kivulini. Mbwa wakubwa wa ulinzi kama Rottweiler na Boerboel wanaweza kuwa na tabia nzuri mikononi mwa anayewajua, ila uzito wao peke yake unatosha kumwangusha mtoto bila nia mbaya.

Lakini asili ya mbwa mmoja mmoja ina uzito kuliko aina. Mwangalie mama yake ukiweza. Mama mwenye wasiwasi, anayejificha au kuonyesha meno kila mtu akipita, mara nyingi ana watoto wenye wasiwasi. Mama wa Nyota alikuja kutunusa, akarudi kulala.

Mtoto wa mbwa au mbwa aliyekwisha kukua?

Watu wengi wanataka kadogo ili "akue pamoja na watoto". Kinachosahaulika ni kwamba mtoto wa mbwa anauma. Anauma kwa mchezo, meno kama sindano, na anapobadilisha meno kati ya mwezi wa nne na wa sita anatafuna kila kitu: kandambili, sketi ya shule, vidole vya miguu. Anakojoa ndani, usiku analia. Mama mwenye mtoto anayenyonya ambaye anaongeza na huyu anajitwika watoto wawili wachanga.

Mbwa wa miaka miwili au mitatu aliyelelewa kwenye nyumba yenye watoto, ambaye mwenye naye anahama na unaweza kumtembelea mara tatu nne kabla ya kumchukua, ni zawadi kubwa. Tabia yake tayari unaiona.

Ukiamua kuchukua mdogo, asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wauzaji wengi wa barabarani wanawauza wakiwa na wiki nne au tano, macho yamefunguka juzi tu. Wiki zile za mwisho na mama na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kutouma kwa nguvu. Na kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ndipo akili yake iko wazi kuzoea vitu: watoto, bodaboda, mwavuli, sauti ya pasi ikigonga meza, mtu aliyevaa kofia. Akikaa bandani muda huo wote, utapata shida kumzoesha baadaye.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachonitisha. Hatari ni kubwa kiasi gani?

Una haki ya kuogopa, na woga huu ni wa kuufanyia kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Makadirio yanayotajwa kwa Tanzania ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, yaani kuwashwa au kuchomachoma pale penye kidonda, homa, kuogopa maji, hakuna dawa ya kumrudisha.

Kabla ya hapo, chanjo inaokoa. Imekuwa hivyo tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akapona.

Mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, saini, muhuri na stika ya chupa ya chanjo iliyotumika. Kadi ya dume letu ilikuja na mbwa. Ilikuwa imejazwa kwa kalamu tu, haina stika, na siku binti yangu aling'atwa hakuna daktari aliyekubali kuihesabu kuwa ni chanjo. Walikuwa sahihi. Ukipewa kadi ya namna hiyo, mchanje upya.

Halmashauri nyingi hufanya kampeni za chanjo, hasa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba. Waulize ofisi ya mtaa au afisa mifugo wa kata. Mpeleke wako, na mwambie jirani ampeleke wa kwake. Ugonjwa unakatika mbwa 7 kati ya 10 wa eneo wakiwa wamechanjwa. Pemba wameliona hilo: walichanja, ugonjwa ukatoweka, ukarudi mwaka 2016 walipolegea, wakachanja tena, ukakatika tena.

Mtoto aking'atwa, nifanye nini saa ileile?

Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili kwa saa. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Mtoto atalia, mshike, endelea kuosha. Dakika hizo zinapunguza sana virusi kwenye kidonda. Usipake pilipili, mafuta ya taa, mkaa, dawa ya meno wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Nimeshauriwa yote hayo siku moja na watu walionitakia mema.

Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo, hata kama mbwa ni wako. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda haikuwa na chanjo, ya pili ilisema turudi kesho. Hatukurudi kesho, tuliendelea hadi tulipoipata usiku ule. Nakushauri ujue leo, kabla ya lolote kutokea, ni hospitali gani karibu nawe ina chanjo ya binadamu. Piga simu uulize. Binti yangu alichomwa siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Kidonda kikiwa kikubwa au kiko usoni, muulize daktari kuhusu sindano ya kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe, na pia pepopunda.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na aangaliwe siku 10, daktari wa mifugo akijulishwa. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari wa mtoto ataamua kuhusu dozi zilizobaki. Ukimuua na kumfukia, umefukia na jibu.

Minyoo, kupe na viroboto je?

Vipo, vinadhibitika. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo. Wapewe dawa kuanzia wiki ya pili, kila wiki mbili hadi wafike wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Baada ya hapo kila miezi mitatu. Kinyesi kizolewe kila siku, maana mayai ya minyoo huchukua siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, ukiwahi, umemaliza. Ule mchanga wanaochezea watoto ufunikwe. Miguu ivae kandambili, kwa sababu minyoo ya safura ya mbwa hupenya kwenye ngozi na kuacha mistari inayowasha inayotembea kama ramani.

Kama unamlisha maini au mapafu ya machinjioni, yapike vizuri. Kuna mnyoo unaoleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, ambao unatoka kwa mbwa waliokula viungo vibichi vya mifugo. Wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameteseka nao sana.

Kupe tunawakagua Jumamosi: masikioni, katikati ya vidole, kwapani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa jicho ukampaka mbwa. Muulize daktari kipimo.

Mwanangu ana pumu.

Anza na daktari wake. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba watoto waliokuwa na mbwa nyumbani mwaka wao wa kwanza walikuwa na pumu pungufu kwa asilimia 13 walipofika umri wa shule. Habari njema, lakini inahusu watoto ambao pumu haijawaanza. Aliyekwisha kuwa nayo akae na mbwa wa rafiki mchana mzima, mara mbili tatu, kabla hamjaamua.

Gharama ikoje?

Bei zinabadilika, kwa hiyo nitakuambia vitu. Nyota ana kilo kumi na nane. Anakula ugali wa dona uliopikwa na dagaa au utumbo, karoti au mchicha ukiwepo, bila chumvi nyingi, asubuhi na jioni. Kwa siku ni kama nusu kilo ya unga. Usitegemee makombo. Nyumba yenye watoto wadogo makombo siku nyingine ni mengi, siku nyingine hayapo, na mbwa mwenye njaa hulinda sufuria yake kwa ukali zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, usimpe. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake, na watoto waambiwe hivyo maana wao ndio wanaopenda kugawa.

Ongeza chanjo ya kichaa kila mwaka, chanjo za utotoni (ya parvo usiiruke hata kidogo, ugonjwa ule huua mbwa wadogo kwa siku chache kwa kutapika na kuhara damu), dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na kumfunga kizazi kama ni jike. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu. Usipomfunga, mwaka haujaisha una watoto sita wa kuwatafutia nyumba.

Sisi ni Waislamu. Au: majirani zetu ni Waislamu.

Mimi ni Mkristo, kwa hiyo hukumu si yangu kuitoa. Muulizeni sheikh wenu. Nililoelezwa ni kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na kwamba kufuga kwa ajili ya kulinda mifugo, shamba au kuwinda kumeruhusiwa. Nilielezwa pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni bibi mmoja wa Tanga. Kabla Nyota hajaja, nilikwenda kumwamkia na kumwambia tunachofikiria. Akasema, "Mwanangu, mimi sina neno na mbwa wako. Ila nguo zangu za swala naanika kwenye kamba ile." Akaionyesha. Tukaziba pengo la uzio wiki ile kabla ya kumleta mbwa. Wajukuu zake wakija kucheza, Nyota anaingia ndani kabla hawajafika, ili wasirudi nyumbani na kazi ya kujitwahirisha. Mpaka leo tunapelekeana futari. Nakusihi usimlete mbwa kabla ya kuongea na jirani.

Tunaishi nyumba ya kupanga, uwani tuko familia tano.

Hapana. Hata mwenye nyumba akikubali. Huwezi kuwasimamia watoto wa familia tano.

Tuna mbwa tayari, na mimi ni mjamzito.

Hapa huna haja ya kumtoa, ila una miezi ya kujiandaa na usiipoteze. Badilisha ratiba yake sasa: kama hataruhusiwa chumbani mtoto akija, asiruhusiwe kuanzia leo, asije akahusisha katazo na mtoto. Mcheleweshee chakula nusu saa siku nyingine, maana itatokea. Ukijifungua, baba atangulize nyumbani kitenge au kanga uliyomfungia mtoto, mbwa anuse akiwa ametulia. Siku ya kurudi, wewe ingia kwanza mikono mitupu umsalimie. Mtoto aingie baadaye, mbwa akiwa na kamba mkononi mwa mtu mzima.

Baada ya hapo sheria ni moja na haina likizo: mtoto na mbwa wasibaki wawili, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko. Ukitoka, mmoja wao unatoka naye. Kipindi kigumu zaidi kitakuja mtoto akianza kutambaa.

Nitajuaje kwamba mbwa amechoka na mtoto?

Laiti ningefundishwa haya mapema. Anageuza kichwa pembeni. Anajilamba midomo na chakula hakipo. Anapiga miayo na usingizi hana. Anaondoka, mtoto anamfuata, anaondoka tena. Mkia unashuka, masikio yanarudi nyuma, weupe wa macho unaonekana. Mwisho anakakamaa. Mkia unaotikisika hautoshi kukuambia ana furaha. Uangalie mwili mzima, kama umelegea au umekaza.

Akinguruma, usimpige. Mshukuru na umwondoe mtoto. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine ataruka hatua hiyo aende moja kwa moja kwenye meno. Dume letu lilikuwa limepigwa kwa kunguruma, na mimi ni mmoja wa waliompiga.

Watoto wangu wana makatazo manne: usimguse akila, usimguse akilala, usimkumbatie shingo, akiondoka usimfuate. Kona ya Nyota iko chini ya ngazi, kuna gunia na kitambaa. Akiwa pale, hakuna mtoto anayeruhusiwa kusogea.

Mtoto wetu anaogopa mbwa. Kumleta kutamtibu?

Usimtibu kwa kumzamisha. Mpeleke kwa mbwa mtulivu wa mtu, akae mbali, aangalie, arudi nyumbani. Wiki nyingine asogee. Siku atakayotaka kumgusa mwenyewe, amguse begani, si juu ya kichwa. Na mtaani mfundishe kusimama kama mti mbwa asiyemjua akimjia: mikono kifuani, macho chini, asikimbie, asipige kelele.

Desemba tunakwenda kijijini. Mbwa anabaki na nani?

Mume wangu ni wa Rombo, kwa hiyo swali hili linatuhusu kila mwaka. Mwaka wa kwanza tulimwachia kijana wa kumlisha, tukarudi tukamkuta amekonda na mlango umekwaruzwa wote. Sasa shangazi anahamia kwetu wiki mbili. Kama huna mtu, panga kabla ya kumchukua mbwa.

Na tukishindwa?

Dume letu, siku zile 10 zilipoisha, lilihamia shambani kwa shemeji yangu Mkuranga, kusiko na watoto. Nilimwambia shemeji kila kitu, pamoja na kung'ata. Hilo ni deni kwa anayempokea: usimfiche. Usimtupe sokoni wala kumwachilia barabarani usiku, kama ninavyoona wengi wakifanya. Ukikosa wa kumpokea, zungumza na daktari wa mifugo, naye atakuambia ukweli hata kama ni mchungu. Shemeji huniambia kwamba dume lile huko hafungwi mchana, na jioni hulala mlangoni miguu ya mbele ikiwa nje.